Tarehe kwenye Kifuniko

Mume wangu alifariki Jumanne asubuhi, wauguzi wakibadilishana zamu. Kufika saa nne nilikuwa nyumbani, nimeshika ndala zake, sijui niziweke wapi.

Alikuwa fundi rangi. Ini lake liliugua miaka tisa, na miaka yote tisa alilitunza: kliniki hakukosa, pombe hakugusa. Kilichomshinda ni maumivu ya mgongo. Dada yake, wifi yangu, ndiye aliyemletea kichupa cha vidonge.

"Mitishamba tupu, kaka. Magoti yangu siku hizi yanatangulia, mimi nayafuata nyuma."

Tulicheka. Baada ya siku mbili mgongo ulinyamaza. Baada ya wiki tatu macho yake yakawa ya njano.

Wodini daktari alimuuliza mara tatu kama anatumia dawa nyingine. Mara tatu akajibu hapana. Hakudanganya, kwake mitishamba haikuwa dawa. Mara ya nne daktari akasema, "Haya, mzee, niambie tu unameza nini."

Hapo akanigeukia. "Mama watoto, kalete kile kichupa."

Kwenye kifuniko palikuwa na mwandiko wake. Alizoea kuandika tarehe juu ya kila kopo la rangi alilofungua, na nyumbani aliandika hata kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Daktari akahesabu siku tangu kichupa kilipofunguliwa, akapeleka vidonge maabara. Vilikutwa vimechanganywa na dawa kali ya maumivu, ambayo lebo haikuitaja na ambayo kliniki ilimkataza tangu mwanzo.

Majibu yalipofika, mume wangu hakuweza tena kukaa. Aliuliza kitu kimoja: "Dada bado anameza?"

Nikampigia simu wifi palepale. Akabisha. "Wifi, mwenye ini bovu ni yeye, si mimi!"

Mume wangu akaomba simu. "Dada, vilete vyote hapa. Ukikataa nakuja kuvichukua mwenyewe, na hiyo aibu ya kunibeba njiani ni yako."

Wifi alicheka, kisha akalia, kisha akaja navyo kwenye mkoba. Kesho yake alipimwa damu. Ini lake lilikuwa limeanza kuumia, na yeye hakuwa amehisi lolote.

Namshukuru daktari aliyeuliza mara ya nne. Namshukuru zaidi mume wangu, ambaye hakumlaumu dada yake hata kwa neno moja, hivyo nami sikupata pa kuanzia.

Sasa wifi anapimwa kila mwezi, na mimi ndiye ninayemsindikiza.