Ujumbe wa Bi Chungulia

Tangu utotoni, binti wa mpiga picha hakuweza kuona kifuniko asikifunue. Zawadi alizifungua kabla ya siku yake, kisha akazifunga upya na kukaa kimya kama maji mtungini. Mama yake akambandika jina: Bi Chungulia.

Ndiyo maana mama, alipojua kwamba ugonjwa haumwachi tena, alimtoa binti chumbani, akamwita mumewe aje na kamera. Alirekodi ujumbe wa siku ya harusi ya mwanawe, na mchumba mwenyewe hata hajaonekana.

"Asiuone kabla ya siku hiyo," akasema. "Huyu namjua, nimemzaa mimi."

Mumewe hakuwa na masihara na mambo hayo. Studio yake iliwahi kuvunjwa, picha za bibi harusi mmoja zikazagaa kwenye simu za watu. Tangu hapo alishika kwamba sura ya mtu ni amana. Walipomaliza kurekodi, akamwita binti ndani, aliyetoka chuoni na shahada ya kompyuta ingali moto.

"Nitafutie hifadhi ya mtandaoni ambayo hata mwenye ghala hachungulii."

Binti alisoma masharti ya huduma nyingi. Baadhi zilikuwa rahisi na zenye nafasi tele, ila wenyewe walibaki na ufunguo wa akiba. Akazikataa. Aliyoichagua ililifunga kila faili ndani ya kompyuta ya mteja kabla halijasafiri, na neno la siri halikujulikana na yeyote ila mteja.

"Ukilisahau, baba, ndiyo basi tena. Andika mahali."

"Niandike, na wewe umo humu ndani?"

Mama alicheka mpaka akakohoa. "Mtoe nje, baba watoto!"

Binti akatoka huku akicheka. Baba akauhifadhi ujumbe bila kuandika neno la siri popote, kisha akaufuta kwenye kamera, kama afanyavyo na amana zote.

Mama hakuumaliza mwaka. Kila binti alipozidiwa na upweke, alimwendea baba yake.

"Dakika moja tu. Nisikie sauti yake."

"Bado."

"Nusu dakika, baba."

"Bado, mama. Kaolewe kwanza!"

Mchumba akapatikana, siku ikapangwa. Kisha kiharusi kikamwangusha baba studioni, akiwa anarekebisha taa. Uhai ulibaki, lakini maneno yote yakampotea isipokuwa moja. Ukimuuliza kama atakunywa chai: "Bado." Ukimuuliza jina lake: "Bado."

Binti aliwaandikia wenye huduma, akaambatisha na vyeti vya daktari. Wakamjibu kwa upole: "Pole sana. Hata sisi hatuwezi kufungua. Hiyo ndiyo ahadi yetu." Hakuwa na la kuwalaumu. Kwa ahadi hiyo aliwachagua. Akajaribu jina la mama, la studio, la kamera ya kwanza ya baba. Akajaribu hata Bi Chungulia, hata Bado. Wapi!

Asubuhi ya harusi, gauni likiwa mwilini, alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake na kumwekea kompyuta mapajani. Pengine vidole vinakumbuka kile ambacho ulimi umesahau.

Mzee alitazama skrini, akalitazama gauni. Alielewa. Kidole kikashuka, kikabonyeza herufi moja, kikabonyeza ya pili, kikabaki kinaelea. Midomo ikahangaika.

"Bado," akasema, akatikisa kichwa kwa hasira, maana silo alilotaka kusema. "Bado. Bado!" Machozi yakamtiririka hadi kidevuni.

"Bibi harusi, watu wanangoja!" shangazi aliita kutoka mlangoni. "Hata leo unachungulia?"

Binti aliushika mkono ule, akaurudisha polepole pajani. Akamfuta baba yake uso kwa shela, kisha akafunika kompyuta.

"Haya, baba," akamwambia. "Bado."