Themostati ya Shemeji

Shemeji yangu ni fundi wa magari, na mtaa mzima unamwamini kupita kiasi. Kila gari linaloingia gerejini kwake hutoka bila themostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. "Hizi ni za watu wa nchi za theluji, huku zinaziba maji tu," husema, akiitupa nyingine kwenye kopo. "Sisi joto tunalo la kumwaga!"

Ya kwangu nayo aliitoa bila hata kuniuliza. Mimi ni mkunga, na gari hilo ndilo linalonifikisha kwa wanawake wenye uchungu. Tangu siku hiyo mshale wa joto haukupanda tena, na injini ikawa inabugia petroli kama haina akili. Nikilalamika, shemeji anacheka. "Wewe zalisha, injini niachie mimi."

Kisha akamwambia mume wangu, mdogo wake, kwamba injini imechoka, tuuze gari kabla halijafa. Mnunuzi nani? Yeye mwenyewe! Na mume wangu akakubali, eti kaka anajua.

Nilikasirika. Mtoto mchanga akipoa namhangaikia sawa na mwenye homa, kwa hiyo nani wa kunidanganya kwamba baridi haina madhara? Nikanunua themostati mpya, nikaitumbukiza kwenye sufuria ya maji jikoni, nikamketisha mume wangu hapo hapo. Maji yalipokaribia kuchemka, ikafunguka yenyewe.

"Kumbe haizibi moja kwa moja," akasema.

"Haizibi. Na kaka yako juzi alinipa lifti. Mshale wa joto wa gari yake ulipanda hadi katikati, ukatulia hapo safari nzima."

Tukaenda gerejini. Shemeji alikuwa ameshaandaa karatasi za mauziano.

"Shemeji, fungua boneti ya gari yako," nikamwambia.

"Yangu ina shida gani?"

"Haina. Nataka kujua kama ina themostati."

Akamtazama mdogo wake, kisha akautazama ukuta. "Yangu... injini yake bado nzima. Sitaki kuichokonoa."

Hata haya hana! Mume wangu akazichana karatasi. Mimi nikatoa themostati mpya mkobani, nikaokota spana sakafuni, nikamshikisha vyote viwili.

"Chagua, shemeji. Unatoa ya kwako, au unarudisha ya kwangu."

Akafungua boneti. Akainama kwenye gari langu.