Kilo Kumi na Mbili za Mitwalli

Wewe unayenisikiliza, umewahi kumpeleka mume wako sokoni akapimwe kwenye mizani ya samaki? Mimi nimempeleka mara kumi na tisa. Mizani ilikuwa ya Mama Hanafi, muuza samaki wetu pale Port Said, ile pana ya chini ambayo makreti ya mkizi hupandishwa yakiwa bado yanachuruzika. Mara ya kwanza alitandika gazeti ili viatu vya Mitwalli visinuke. Akasogeza jiwe la chuma kwenye fimbo ya mizani, akalirudisha kidogo, akainama kusoma kwa jicho moja.

"Mia moja na saba," alisema. "Mama Nabawiya, nimpare magamba, au unamchukua hivyo hivyo?"

Wanunuzi walicheka. Mitwalli naye alicheka, akashuka taratibu, akatazama soli za viatu vyake.

Mume wangu alikuwa mfunga kamba wa mfereji. Kila meli iliyoshika njia ya kwenda Suez ilibeba mashua ndogo na watu wawili wa kwetu, ili ikilazimika kusimama njiani wawepo wa kuifunga ukingoni. Watu hao walipanda kwa ngazi ya kamba, ubavuni mwa meli, na ngazi ile haina huruma na tumbo. Mwaka uliotangulia mtu mmoja mnene alikwama katikati, juu haendi, chini harudi, akateremshwa kwa winchi kama gunia la vitunguu. Ndipo barua zikatoka. Baada ya miezi sita daktari wa kazi angewapima wote, na atakayezidi kilo tisini na tano hatapanda meli tena. Atabaki gatini, kupokea kamba na kuzivika kwenye nguzo, asubuhi hadi mchana, Ijumaa yuko kwake.

Mitwalli aliisoma barua mara mbili, akaikunja mara nne. "Labda ndiyo basi, Fikriya," aliniambia.

Dada yangu Ihsan alikuwapo, anachagua mchele kwenye sinia. Nikasema, na maneno yale ninayo mpaka leo kwa mpangilio wake: "Wanaume wa gatini tumewaona. Jua halijageuka washavaa kanzu, wamekaa mlangoni wanahesabu paka."

Ihsan alicheka mpaka mchele ukamwagika. Mitwalli aliinama akamsaidia kuuokota, punje kwa punje, hakusema neno. Kimya kile nilikichukua kuwa ni cha mtu aliyekubali. Kesho yake nikampeleka kwa Mama Hanafi.

Daktari alikuwa amempa karatasi yenye saa za kula: chai saa mbili, chakula cha mchana saa nane, cha usiku saa moja. Niliibandika ukutani kwa unga uliokorogwa maji, na baada ya siku tatu nikaona ni karatasi ya mtu mwingine. Simu ilikuwa kwa Bwana Jirjis, mfamasia wa ghorofa ya chini. Meli ikipatikana, walipiga kwake, naye aligonga bomba la maji kwa ufunguo mara tatu. Bomba liligongwa alfajiri, liligongwa adhuhuri, liligongwa wali ukiwa umeshapakuliwa. Mitwalli alivaa buti huku anameza. Siku nyingine alikaa kutwa nzima na buti miguuni, na bomba likanyamaza. Mchana wa karatasi ulimkuta katikati ya mfereji, na usiku wake ulimkuta Suez, ndani ya gari la kurudi, amelala mdomo wazi.

Njaa ya mtu asiyejua atakula lini tena haikai tumboni. Inakaa kichwani, na kichwa hakishibi. Mitwalli alipopanda meli alikwenda kwanza jikoni. Wapishi wa dunia nzima walimjua: Mgiriki alimpa nyama ya kondoo, Mhindi alimpa mchuzi na vitumbua vya dengu, Mfilipino alimrundikia wali mpaka sahani ikajikunja. Alikula cha sasa na cha baadaye kwa pamoja, kwa sababu baadaye haikuwa na ahadi naye.

Nilibandua karatasi. "Tutakula kwa meli, si kwa saa," nilimwambia. Nilinunua vikopo viwili vya bati vyenye mifuniko. Kimoja cha kupandia, kimoja cha kushukia. Cha kupandia kilikuwa na maharage na yai. Cha kushukia, jibini nyeupe, matango, na nusu mkate wa ngano. Meli ije saa ngapi, ichelewe siku ngapi, vikopo ni viwili. Na kwa kuwa mashua yao ilikuwa na kazi siku chache tu katika mwaka, nilimwambia aizunguke sitaha ya meli mara kumi kabla ya kufungua cha pili. Meli nyingine zilikuwa ndefu kuliko mtaa wetu.

Mwenzake, Shihata, alikuja nyumbani kunishtakia. "Shemeji, umemfanya nini huyu? Jana kazunguka meli ya Wanorwe mpaka nahodha kauliza kama ana wazimu."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hapana, anatafuta mlango wa kutokea."

Hata Mitwalli alicheka.

Sikumpima Alhamisi kwa Alhamisi kama wanavyofanya watu wenye Alhamisi zao. Tulipima siku yoyote aliyoshuka, kabla hajalala. Tuliondoka wawili, mimi na kapu langu, yeye na buti zake mkononi, tukapita kwa wauza nguo na nyuma ya kanisa. Njiani alinihadithia meli. Hii imebeba magari, ile imebeba farasi, mmoja kazaa hapo katikati ya mfereji. Mama Hanafi aliandika hesabu kwa chaki kwenye mlango wa sanduku lake la barafu: mia na tano, mia na nne, mia na tatu na nusu.

Halafu ikaja wiki ya ukungu. Meli zilisimama siku nne, wafunga kamba wakazuiliwa bandarini wakisubiri, na Mitwalli alimaliza vikopo vyote viwili asubuhi ya kwanza. Siku tatu zilizobaki alikula alichokula. Ukungu ukafuatiwa na Sikukuu, na Sikukuu ni biskuti za samli zilizofukiwa kwenye sukari ya unga. Chaki ya Mama Hanafi ikapanda. Mia na tano na nusu.

"Tuache," Mitwalli alisema palepale, juu ya mizani.

"Mizani haina kumbukumbu," nilimwambia. "Haijui jana ulikula nini na wala haikusengenyi. Leo ni leo. Panga vikopo."

"Mkewe huyu angekuwa askari," Mama Hanafi aliwaambia samaki.

Mjukuu wangu Radwa ni muuguzi. Zamu zake leo ni asubuhi, kesho ni usiku, keshokutwa wanamwita wakati anapaka hina. Mkononi ana saa inayomhesabia hatua na kumgombeza, naye kila mwezi analia kwamba ameanza upya. Juzi aliniuliza babu yake aliwezaje, maana wakati ule saa za kugombeza hazikuwapo. Nilimwambia: haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukipunguza. Nilimwambia habari ya vikopo viwili. Habari iliyobaki sikumwambia, alikuwa anachelewa zamu.

Wiki mbili kabla ya siku ya daktari, chaki ilisoma tisini na sita. Wiki moja kabla, tisini na tano kavu. Suruali ya Mitwalli niliipunguza mara mbili kiunoni, na shingo yake ikaonekana kuwa ndefu, shingo ya kijana niliyeolewa naye. Siku mbili kabla ya kupimwa alishuka kutoka meli ya ngano, tukaenda sokoni, Mama Hanafi akasogeza jiwe, akalirudisha, akainama. Tisini na tatu na nusu. Hakufanya mzaha wowote. Alifuta chaki ya zamani kwa kiwiko, akaandika ile mpya kwa tarakimu kubwa.

Tuliporudi Mitwalli hakuhadithia meli. Nilidhani amechoka.

Siku yenyewe aliondoka asubuhi, amenyoa, amevaa shati nililolipiga pasi. Nilichinja sungura. Nilichambua mlenda, nikaukatakata kwa kisu cha mipini miwili hadi ukawa kijani cha majimaji, nikaponda kitunguu saumu na giligilani. Ilikuwa iwe karamu ndogo. Saa saba aliingia, akavua viatu, akaviweka sambamba karibu na ukuta.

"Tisini na sita," alisema.

Niliendelea kukoroga, kwa sababu mlenda ukiuacha unazama. "Mizani yao mbovu."

"Mizani yao nzima."

"Juzi ulikuwa tisini na tatu na nusu."

"Juzi, ndiyo." Alikaa kwenye kiti cha karibu na meza na kuanza kuhesabu kwa vidole, kama mtu anayetoa ushahidi. "Nimekula fatiri mbili, ile mikate minene ya samli. Nimekunywa glasi nne za juisi ya muwa. Halafu mifukoni nikatia risasi za nyavu, vile vipande vya kuzizamisha."

"Risasi za nyavu umezipata wapi?"

"Kwa Mama Hanafi."

"Mama Hanafi anajua?"

"Ndiye aliyenipimia. Alisema fatiri peke yake hazitoshi."

Nilizima moto. Nje kuna mtu aliyekuwa akinadi mitungi ya gesi, anapigapiga kwa spana, tukamsubiri apite. Nilimtazama mume wangu. Hakuonekana mtu aliyeshindwa, wala aliyeshinda. Alikuwa ameweka mikono yote miwili mezani.

"Kwa hiyo miezi sita yote hii ilikuwa ya nini?" nilimuuliza. "Vikopo vyote vile. Ungekula tu tangu mwanzo, ukabaki mnene, yakaisha."

"Ulikuwa unanisindikiza sokoni," alisema. "Sikutaka iishe."

Nilipakua wali. Nilipakua sungura, paja moja kwake, paja moja kwangu. Alisubiri mpaka nikakaa.

"Mama Nabawiya," alisema, "mimi nilitaka kukaa nyumbani. Tangu ile barua ilipokuja. Nilitaka kula na wewe, chakula kikiwa bado cha moto, na mtu asiniite."