Nyanya ya Uzi Mwekundu

Kinyozi hakuweza kuona kitu kimerefuka akakiacha. Miaka thelathini na mmoja ya kushika mkasi ilikuwa imemharibu. Mkewe alilijua hilo fika, ila kiangazi kile hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia bustani. Binti yao alikuwa amejifungua mapacha huko mbali, na bibi alihitajika kwa wiki saba.

Maagizo yalikuwa machache. Maji ya mgao yakitoka Jumanne na Ijumaa, ajaze pipa. Amwagilie alfajiri na jioni, tena shinani, si juu ya majani. Mkasi ubaki dukani. Na ile nyanya moja iliyofungwa uzi mwekundu, asiiguse kabisa. Kinyozi aliitikia yote huku akitafuta soksi.

Wiki ya kwanza alijikaza kisabuni. Ya pili alipunguza matawi mawili tu, ya pembeni. Kufikia ya tatu bustani nzima ilikuwa imenyolewa denge, na jua likababua kila kilichobaki. Ile nyanya ya uzi nayo ilikuwa imevimba, imekunjamana na kuanza kuvuja, aibu tupu mbele ya majirani. Akaikata, akaitupa jaani nyuma ya nyumba, mahali alipozoea kumwaga nywele za wateja. Kwa unadhifu wake akapitisha na reki.

Jumapili mkewe alipiga simu. Baada ya habari za mapacha akauliza kama ile ya uzi imeoza. Kinyozi akajibu kwa fahari kwamba imeoza vibaya sana.

"Vizuri. Iache hapo hapo, nikirudi nitatoa mbegu. Ndizo za mwisho za mama."

Mama mkwe alikuwa amepanda aina ile maisha yake yote, na mche uliobaki ulikuwa umezaa tunda hilo moja tu. Isitoshe, mama mkwe huyo alifariki akiwa bado hajampenda mkwewe. Siku kinyozi alipokwenda kuposa, mama huyo alitamka mbele ya wajomba kwamba mtu anayekula kwa vichwa vya wenzake hatamfaa binti yake kwa lolote. Kinyozi akamwambia mkewe sawa, hakuna shida, akakata simu, akakimbilia jaani.

Alipiga magoti akachambua nywele za mtaa mzima. Alipata uzi. Nyanya ilikuwa imesambaratika, na mbegu huwezi kuzitoa ndani ya nywele hata uwe na macho ya kipanga. Kilichobaki ni kumwagilia jaa na kuomba Mungu. Ila pipa moja halikutosha kote kuwili.

Akachagua jaa.

Jirani yake mshonaji alimtazama siku mbili, siku ya tatu akamuuliza kutoka upande wa pili wa ua kama anangoja nywele ziote. Kinyozi akasema ndiyo. Kufikia jioni wateja walikuwa wanavunjika mbavu kwenye kiti chake. Alivumilia. Kilichomuuma ni mchicha na bamia, vilivyokufa tuta baada ya tuta huku yeye akivipita na ndoo imejaa.

Mkewe aliporudi aliweka mkoba chini, akaizunguka bustani kavu. Kinyozi alimfuata nyuma, uzi mkononi, akakiri kila kitu, na uongo wa kwenye simu pia. Kisha akampeleka jaani.

Katikati ya nywele nyeusi, za mvi na za kupakwa rangi, ilikuwa imesimama miche minne, urefu wa kidole. Alikuwa ameizungushia vipande vya kiti kibovu cha dukani. Mkewe akainama, akasugua jani moja, akanusa vidole vyake.

"Maji yote ulileta huku?"

"Yote. Mimi nimekuwa naoga kwa kikombe."

Mwanamke alicheka mpaka akakaa juu ya nywele. Halafu akalia, wala hakujificha.

"Mama alisema hutanifaa kitu," alisema. "Kama huko aliko kungekuwa na simu, ningempigia sasa hivi."

"Subiri kwanza izae," kinyozi alisema. "Mama yako namjua."

Mkewe alipangusa machozi, akanyoosha mkono, kiganja juu. Kinyozi alijitia hamnazo kidogo, kisha akatoa mkasi kwenye mfuko wa shati, akamkabidhi.