Karatasi ya Soda

Gathogo alianza kukata ua saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa sababu kufikia saa mbili alitaka awe Thika kwa wakili. Mkasi ulikuwa butu upande mmoja. Alikata kwa nguvu ya bega, majani ya kayaba yakimrukia usoni, miiba ikishika mikono ya shati. Watu wa huo mtaa wa Membley walimwita shamba boy. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Mwenye nyumba, Madam Apiyo, alitoka na kikombe cha chai.

"Gathogo, ndiyo leo?"

"Ndiyo leo, madam. Saa nne wanaanza."

"Ile barua nilikuprintia, umeisoma yote?"

"Nimeisoma. Polepole, lakini nimeisoma mpaka mwisho."

"Sawa. Malizia huu upande wa geti basi, nina wageni."

Alimaliza upande wa geti. Akanawa kwa mfereji wa kuoshea gari, akavaa koti, akaitia barua ndani ya bahasha ya kaki.

Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Kiamugwe, hapo kati ya Ruiru na Thika, palikuwa shamba la kahawa mpaka juzi juzi. Kahawa iling'olewa, fleti zikapandwa, watu wakajaa, na sasa pamekuwa mji. Mji ulikuwa upewe mkuu wake wa polisi. Majina matatu yalitajwa redioni, na serikali ikasema safari hii mwananchi atasikizwa kabla mtu hajapewa kazi. Mwenye lolote la kusema juu ya mmoja wao alete maandishi yaliyoapishwa kwa wakili. Jina la kwanza lilikuwa la Mugo.

Miaka miwili nyuma Mugo alikuwa mkuu wa stesheni moja ya hapo karibu. Jioni moja alikuwa ameketi kiti cha mbele kwa pikapu ya polisi. Jam ilipowashika, dereva alitoka barabarani akaingia njia ya watu wa miguu. Ngendo, mke wake Gathogo, alikuwa amepiga magoti hapo akipuliza jiko la mahindi. Hakufika hospitali. Gathogo alipewa namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, ameandikiwa nyuma ya mkono kwa kalamu. Aliporudi kuuliza kesi imefika wapi, polisi wa kaunta alifungua kitabu, akamwambia hiyo namba ni ya ng'ombe aliyepotea Gatuanyaga. Mwezi uliofuata Mugo akapandishwa cheo.

Gathogo hakuwa anataka fidia. Alitaka hiyo karatasi isomwe mbele ya watu, na huyo mtu asipewe mji.

Huko Thika, wakili alikuwa juu ya duka la dawa za mifugo. Alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akaigeuza karatasi kifudifudi.

"Kiapo ni mia tano."

"Si ni mia mbili? Mwaka jana nilikuja hapa na mambo ya shamba."

"Mwaka jana petroli ilikuwa ngapi, mzee?"

Gathogo alitoa mia tano. Wakili akapiga mhuri mara mbili, akasaini haraka kama mtu anayefukuza nzi.

"Sikiza. Mimi nimeshuhudia sahihi yako tu. Yaliyo ndani siyajui."

"Si umesoma?"

"Sijasoma."

Pesa ya bodaboda ilikuwa imeingia kwa kiapo. Kutoka barabara kuu mpaka Kiamugwe alitembea kwa vumbi, bahasha imefungwa kwa gundi na kufichwa chini ya koti isichafuke.

Hema la kamati ya maoni lilikuwa limesimamishwa palipokuwa kiwanda cha kahawa. Viti vyeupe vya kukodi vilipangwa kama vya harusi. Zacharia alikuwa mlangoni, ndani ya jaketi mpya ya kung'aa. Alikuwa jirani yake na mwenyekiti wa Nyumba Kumi, ule ulinzi wa mtaa, na walianza urafiki wakichuma kahawa hapo hapo, vijana wadogo. Jioni ile ya pikapu ni yeye aliyemtoa Ngendo mtaroni na kumlaza kichwa kwa magoti yake.

"Muthee, umefika," Zacharia alisema. "Nilidhani umelala kwa maua ya watu."

"Hiyo jaketi umetoa wapi? Unafanana na taa ya trafiki."

"Tumepewa leo asubuhi. Watu wa kamati." Zacharia alivuta zipu juu, akaivuta chini. "Umeleta ile kitu?"

"Nimeleta. Wakiuliza shahidi unasimama?"

"Si nilikwambia jana? Ingia, ingia ujiandikishe, wanafunga."

Karani aliitwa Viola. Alikuwa na meza ndogo, kreti za soda nyuma yake, na mikate iliyokatwa nusu nusu. Aliichukua bahasha, akaipiga mhuri wa "Imepokelewa," akaibana kwenye kibao chake, chini ya orodha.

"Hiyo itasomwa?" Gathogo aliuliza.

"Itafika kwa mwenyekiti, mzee. Saini hapa. Jina, kitambulisho, simu, na sahihi. Hii ni ya waliohudhuria. Na hii."

"Hii nayo ni ya nini?"

"Ya soda."

Karatasi ya pili ilikuwa imebanwa kwa klipu kubwa, kichwa chake kimekunjwa nyuma. Wanawake wawili waliokuwa nyuma ya Gathogo walimsukuma.

"Guka, saini tule, ama unasoma Biblia?"

Alisaini. Namba yake ilikuwa kumi na saba. Akapewa soda ya machungwa na nusu mkate, na kwa kuwa hakuwa amekula tangu asubuhi, alikula wote.

Mugo alipopewa maikrofoni hakukaa jukwaani. Alishuka katikati ya watu, kofia kwapani. Alisalimia akina mama kwa Kikuyu, vijana kwa Sheng. Alisema Kiamugwe itakuwa na taa kila kona na bodaboda hawatasumbuliwa tena na askari wa chai. Watu wakacheka. Alisema yeye mwenyewe mamake aliuza sukuma wiki, kwa hivyo anaijua hasara ya mama wa barabarani. Walipiga makofi. Gathogo aliangalia mikono yake. Wale wengine wawili waliotajwa redioni hawakuwepo. Mwenyekiti wa kamati, mtu mnene aitwaye Kaveke, alisema walituma udhuru.

"Sasa ni wakati wa maoni," Kaveke alisema. "Kuna mwenye pingamizi? Kama hakuna tuombe, tufunge."

Gathogo alisimama. Kiti chake kililia kwa sakafu.

"Mimi. Nimeleta maandishi yaliyoapishwa. Naomba yasomwe."

Kaveke aliangalia kibao kilicholetwa na Viola. Alipitisha kidole chini, polepole.

"Jina?"

"Gathogo."

"Kitambulisho chako kinaishia sita nne moja?"

"Ndiyo."

"Mzee, tunaelewana kweli? Uko hapa. Namba kumi na saba." Alikunjua kichwa cha karatasi, akasoma kwa maikrofoni: "Sisi wakazi wa Kiamugwe tuliotia sahihi hapa chini tunamuunga mkono Bwana Mugo awe mkuu wa polisi wa mji wetu." Akaishusha. "Sahihi ni yako ama si yako?"

"Hiyo ni ya soda."

Hema lote liliangua kicheko. Mtu wa nyuma alipiga mluzi. "Mzee, ulikunywa kura!"

"Nimeambiwa ni ya soda," Gathogo alirudia. Alimtafuta Viola kwa macho. Viola alikuwa anahesabu chupa tupu.

"Kamati haiwezi kupokea mtu anayeunga mkono na kupinga siku moja," Kaveke alisema. "Sheria ni sheria."

"Basi wachana na karatasi. Niko na shahidi. Zacharia aliona. Zacharia, simama."

Zacharia alisimama. Kwa jua lililopenya hema ile jaketi ilikuwa inaumiza macho. Alikohoa mara mbili.

"Mimi siku hiyo nilikuwa hapo stage ya matatu, siwezi kataa," alisema. "Lakini kulikuwa na mvua. Kulikuwa na moshi ya mahindi. Gari gani iligonga, siwezi apa."

"Mvua gani?" Gathogo alisema. "Zacharia. Mvua gani?"

"Kulikuwa na mvua kidogo."

"Ulimshika kichwa. Ulirudi nyumbani na damu yake kwa suruali, ukanionyesha. Wewe uliniambia Mugo alishuka akasema hiyo jiko itolewe barabarani."

"Muthee, mimi ni Nyumba Kumi. Nafanya kazi na hawa watu." Zacharia aliketi. Hakumwangalia. Alikuwa ameshika ile zipu kwa mikono miwili.

Mugo mwenyewe ndiye aliyemaliza kelele. Aliinua mkono watu wakanyamaza, akatembea mpaka mahali Gathogo alipokuwa amesimama. Mpiga picha wa kamati alikimbia mbele.

"Mzee wangu," Mugo alisema, maikrofoni karibu na mdomo, sauti ya chini. "Mimi sina kinyongo. Mtu akiwa na uchungu huongea. Kifo cha huyo mama kilituuma hata sisi. Nilituma vijana wangu kwa mazishi. Nimemkumbuka kwa maombi mpaka leo." Akanyoosha mkono wa kulia. "Tusameheane hapa mbele ya watu, tujenge mji."

Watu waliguna kwa huruma. Akina mama wa mbele walisema, "Mshike mkono, guka. Mshike."

Gathogo aliuangalia huo mkono. Ulikuwa safi, na saa yake ilikuwa nzito.

"Umesema umemwombea miaka miwili."

"Kabisa."

"Ulikuwa unamwambia Mungu ni nani? Mtaje jina."

Mugo alitabasamu. Tabasamu lilikaa hapo hapo. Aligeuza kichwa kidogo kumtazama Kaveke, na Kaveke akageuza kurasa, ya kwanza, ya pili, ya tatu, akitafuta. Barua ya Gathogo ilikuwa chini ya hizo kurasa, ndani ya bahasha yake, gundi haijaguswa. Spika iliunguruma. Mkono wa Mugo ulibaki hewani kwa muda ambao mtu angeweza kuhesabu mpaka kumi.

"Ajenda inayofuata," Kaveke alisema. "Maombi ya kufunga."

Waliomba. Saa saba na robo Kaveke alitangaza kwamba wananchi wamesema, na barua itatumwa Nairobi siku hiyo hiyo. Gari za wakubwa zilitoka moja moja. Zacharia alipita na soda mbili zilizobaki, akamwekea Gathogo moja karibu na mguu, akaenda. Gathogo hakuigusa. Akaenda kwa meza.

"Nipe kalamu."

"Mzee, kazi imeisha," Viola alisema.

"Nipe kalamu nikate jina langu."

"Haki mzee, ukikata karatasi itachafuka. Itabidi niandike zote upya. Ni majina mia mbili na kumi na mbili."

Kalamu ilikuwa mezani. Gathogo aliichukua, akatafuta kumi na saba, akalipiga mstari. Akapiga mwingine. Wa tatu ulipasua karatasi mpaka meza ikaonekana.

Viola alishika mdomo. Halafu akaketi, akatoa karatasi nyeupe, akaanza kunakili, majina na hata sahihi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na miaka kama ishirini na tatu, na viatu amevivua chini ya meza.

"Mimi si mtu mbaya, mzee. Niliambiwa niseme ni ya soda. Hata mimi ni kazi ya siku moja."

"Andika tu."

Gathogo alivuta kiti cheupe akakaa mbele yake. Nje vijana wa kukodisha hema walikuwa wameanza kufungua kamba. Viola aliandika kumi na tano, kumi na sita. Akainua macho. Gathogo alikuwa bado anaangalia ncha ya kalamu. Kwa kumi na saba Viola aliandika jina la mtu aliyekuwa kumi na nane, akaendelea hivyo mpaka chini, karatasi baada ya karatasi. Alipomaliza aliandika jumla, akapiga mstari.

Gathogo aliisoma kwa kidole.

"Hapa umeandika mia mbili kumi na mbili."

"Ndiyo."

"Wamebaki mia mbili kumi na moja. Mimi nimetoka."

"Najua umetoka, mzee. Lakini lazima ilingane na barua ya kwenda Nairobi. Huko imeandikwa mia mbili kumi na mbili."

"Barua imeandikwa saa ngapi, na watu wametoka hapa sasa hivi?"

Viola alianza kuvaa viatu. "Mzee, mimi nilipewa nichape Alhamisi."

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Hema lilishuka upande mmoja, na jua likaanguka lote kwa meza. Viola alikinga karatasi kwa kiganja.

"Basi chapa ingine," Gathogo alisema.

"Ofisi imefungwa. Kesho ni Jumapili."

"Mimi sina haraka. Nina Jumatatu."

Mwenye viti alikuja akivipanga kumi kumi, akivifunga kwa kamba na kuvipakia kwa lori. Alihesabu, akarudia kuhesabu, akatazama daftari lake. Viti vilikuwa mia tatu kasoro kimoja.

"Buda," alimwambia Gathogo, "tunaenda. Simama nichukue hicho."

Gathogo hakusimama.