Kovu la Barthélemy

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, saa nne na dakika kumi asubuhi, manyunyu yakianguka juu ya Kashebere na ukungu ukiwa umevificha vilima vya upande wa Masisi, Mama Vestine aliingia kibandani mwangu na kumweka kuku mezani. Yalikuwa malipo ya picha ya mwanawe Barthélemy, aliyefariki kwa homa. Kesho yake familia ingemaliza matanga, na uso wake ulihitajiwa kwenye meza ya waombolezaji.

Mimi hupiga picha kwa kamera ya zamani, niliyoinunua Goma ikiwa imekwisha kutumika Ulaya. Hula betri za tochi, zinazopatikana dukani hata Pinga. Haimpambi mtu: mwenye kovu hutoka na kovu lake. Mapadri walionilea bwenini walinikataza uongo, nami sioni kwa nini picha iruhusiwe.

Barthélemy nilimpiga picha siku ya Pasaka. Nilipoiwasha kamera alitokea kwenye kioo chake kidogo, akicheka, kovu juu ya jicho.

“Njo yeye, Papa Athanase. Njo yeye kabisa,” mama alithibitisha.

Lakini picha haikuwa na njia ya kutoka. Karte inayohifadhi picha za kamera hiyo haina tundu katika mashine za leo, mahali pa kuchomeka waya palikwisha kuharibika, na duka la Goma lililokuwa likinichapia limefungwa. Nikamwita Prince, anayechaji telefone na kuchapa picha kibanda cha jirani.

“Muzee wa bwenini!” akacheka. “Hii kitu iko mukubwa kunipita! Leta, nipige hiyo kioo picha na telefone.”

Kazi ya namna hiyo nimeiita ulaghai mbele ya watu wengi. Nilimtazama mama, nikampa Prince kamera.

Karatasi ikatoka. Ngozi nyororo, imeng’arishwa, paji la uso safi kama la mtoto mchanga.

“Uyu ni nani?” aliuliza Mama Vestine.

“Ni Barthélemy, mama. Telefone imemutengeneza muzuri.”

“Na kovu iko wapi? Aliipatia mu shamba yangu, akinisukuma muti isiniangukie. Toa hayo matengenezo!”

Prince alibonyeza hapa na pale. “Inajifanyaka yenyewe, mama. Haiombake ruhusa.”

Alipojaribu tena, kioo cha kamera kilifanya michirizi, kikazima. Nilibadili betri. Nilikipangusa kioo. Niliikumbatia kamera kifuani ipate joto, Prince akinitazama bila kucheka. Kijana yumo ndani ya karte, pamoja na kovu lake, nami sikuwa na namna ya kumtoa.

“Kesho wataniuliza nimeweka muntu gani pa meza,” alisema mama.

Nilimnyanyua kuku, nikamrudishia.

“Picha sikukupa, Mama. Mchukue.”

Alimpokea, akamfunika kwa kitenge, akatoka katika manyunyu. Karatasi aliiacha.