Mshahara wa Kaburini

Mwaka ule wa vijiji, watu wa Handeni walipokusanywa kando ya barabara wakae pamoja, kazi za ujenzi zilikuwa nje nje. Maghala, zahanati, vyoo, ofisi ya katibu kata. Kila mwenye mwiko alijiona tajiri mtarajiwa, na Gregori alikuwa na mwiko na pima maji.

Gregori alikuwa fundi mwashi, mtoto wa Mnyamwezi aliyeletwa Korogwe kukata mkonge akasahau njia ya kurudi kwao. Kazi ya ghala la kijiji alipewa na Mhina. Huyu Mhina, Mzigua wa Korogwe ya Zamani, shughuli yake ilikuwa kukaa katikati: ofisi inataka ghala, mafundi wanataka kazi, yeye anaokota cha juu. Siku zile ukiitwa bepari umetukanwa mbele ya wanao, kwa hiyo Mhina alijiita mratibu wa nguvukazi. Alishona na suti ya mikono mifupi ya kufanania.

Ghala likasimama, likazinduliwa kwa ngoma. Mahindi yakaingia. Mvua iliponyesha, ndama wa Wamasai, akina Lekishon, nao wakaingia, maana wafugaji wale waliletwa kijijini na mifugo yao bila mtu kuwauliza ng'ombe. Kilichokataa kuingia popote ni mshahara wa Gregori.

"Hundi haijatoka, ndugu yangu," Mhina alimwambia. Baadaye ikawa imetoka ila haijasainiwa. Halafu ikasainiwa, lakini aliyesaini yuko semina na muhuri kaondoka nao. Hili la semina Gregori aliliamini, kwa sababu mwaka ule kila mtu alikuwa semina.

Nyumbani hali haikuwa ya kuchekesha. Mkewe, Grasiana, alikwenda kujifungulia kwa mama yake, kijiji cha Kerenge, na mama mkwe akaweka mguu chini: mjukuu wake harudi kwenye nyumba inayovuja mpaka iwe na bati. Aibu gani hiyo. Mtu aliyeezekea mahindi ya kijiji kizima alikuwa analala chini ya nyasi zilizooza, sufuria kichwani, sufuria miguuni. Mtoto alishaota meno na baba yake hajawahi kuamshwa na kilio chake. Gregori alijifanya hajali, lakini aliumia sana. Jioni alikuwa anasonga ugali wa watu wawili, anakumbuka ukiwa umeshaiva.

Ndipo akafariki baba mdogo wake Mhina, Mzee Semboja.

Wanyamwezi na Wazigua ni watani tangu enzi za misafara, na msibani mtani ana ruhusa ambayo hata mkuu wa wilaya hana. Atavaa koti la marehemu, atakaa kwenye kiti chake, atadai chai maiti haijaoshwa, na wafiwa hawaruhusiwi kununa. Kubwa kuliko yote, anaweza kujilaza kaburini asitoke mpaka wafiwa watupe chochote. Kwa kawaida hutupwa senti kadhaa, watu wanacheka, wanafuta machozi, maziko yanaendelea.

Watani ndio waliochimba kaburi, na wazo lilimjia Gregori akiwa bado ameshika sepetu. Jeneza lilipofika, yeye akashuka, akajibana ndani ya mwanandani, ule uvungu wa pembeni anakolazwa maiti, akafumba macho.

"Chumba kimeshapata mpangaji," akasema kutoka chini.

Watu wakacheka. Mhina akatupa shilingi. Ikamwangukia Gregori kifuani, naye akairusha juu ilikotoka.

"Nataka mshahara wa ghala. Wote."

"Toka, Gregori. Nimekwambia hundi haijatoka."

"Basi na marehemu asubiri hundi."

Waliobeba jeneza walicheka mpaka ikabidi waliteremshe. Shehe aligeuka akajifanya anatazama mawingu, ingawa mbingu ilikuwa kavu. Mhina peke yake ndiye aliyenuna, tena akanuna waziwazi, na hapo akajiponza, maana kumnunia mtani ni aibu ya ukoo mzima.

Makaburi yalikuwa nyuma ya nyumba. Bibi Mwantumu, dada wa marehemu, alikaa na wanawake wenzake upande wa pili wa uzio wa minyaa, lakini sauti yake haikujua uzio.

"Mhina," aliita, "kaka yangu anaungua jua. Ule mfuko wa ndani ya koti ulioniambia nikushonee, umejaa nini?"

"Shikamoo, bibi," Gregori akaamkia kutoka kaburini.

"Marahaba, mwanangu. Usitoke kwanza."

Mhina akafungua vifungo polepole, akatoa bahasha, akaitupa kaburini. Hundi kumbe ilitoka zamani, ikageuka noti, na noti zikakaa kifuani kwake zikipata joto. Gregori alizihesabu palepale amelala. Zilipotimia akapanda juu, vumbi mpaka kwenye kope, na Mzee Semboja akazikwa kwa heshima zake zote.

Dua ilipokwisha, mkubwa wa watani, Mzee Habakuki, akavua kofia akaiweka mbele ya Gregori.

"Mimina, kijana. Cha kaburini ni cha watani wote. Tunakula pamoja."

"Mzee, hili ni jasho langu."

"Sawa. Kama ni utani, mimina humu, na deni lako kwa Mhina liko palepale. Kama ni deni, basi umezuia maziko ya watu kwa hasira zako, na utatozwa faini. Sema mwenyewe."

Mhina, mtu asiye na haya, akaanza kutabasamu.

Gregori akatazama kofia. Angeweza kusema alitania, wakala pilau pamoja, akaanza upya kuifukuza hundi. Lakini akaisukuma kofia irudi kwa mzee. "Sikuwa natania," akasema. "Nyinyi mlicheka. Mimi mle ndani nilikuwa nalia. Mwanangu hanijui. Nitozeni."

Tabasamu la Mhina likafutika. Wazee hawakumwonea wala hawakumhurumia: mbuzi wawili, mmoja wa wafiwa na mmoja wa watani, na mchele juu yake. Gregori akalipa hapohapo. Alipofika dukani na kilichobaki, bati zilitosha kuezeka upande mmoja tu wa nyumba, na mwenye duka hakutaka hata kusikia habari za kukopesha.

Akaezeka upande wa kitanda cha mama na mtoto. Upande wake akauachia nyasi, akatuma salamu Kerenge kwamba nyumba ina bati, bila kufafanua.

Grasiana alirudi na mtoto mgongoni na wingu la mvua nyuma yake. Aliingia, akatazama juu kulia, akatazama juu kushoto, akatazama mkeka wa mumewe uliotandikwa penye matone. Gregori akaanza kueleza mambo ya mbuzi na mwanandani, akajikanyaga, maneno yakamwishia.

"Mama hajaambiwa ni nusu?" Grasiana akauliza.

"Sikumwambia."

Akamfungua mtoto, akamlaza kitandani, upande wa ukutani kabisa, akaukunja mkeka uliolowa akautupa nje.

"Njoo huku," akasema. "Tutabanana."